Kutoka Ukerewe na Chupa ya Damu ya Mtoto wa Siku Nne

Sababu ya safari hii ni mwalimu wetu wa baiolojia. Siku ya kufunga shule alitoa kazi ya likizo, akanitazama mimi peke yangu wakati darasa zima limekaa pale: "Kila mmoja aandike kuhusu sayansi aliyoiona kwa macho yake. Kwa macho, Kabula. Siyo kwa simu." Alikuwa na haki yake. Muhula uliopita niliandika insha nzuri sana kuhusu volkano, ila nikasahau kufuta mstari wa mwisho uliosema "bofya hapa kusoma zaidi."

Nyumbani kwetu Buhongwa, sayansi niliyokuwa nimeiona kwa macho ni mama kupaka povu la sabuni kwenye mtungi wa gesi kuangalia kama unavuja. Nilimwambia hivyo. Hakucheka. Alimpigia simu mdogo wake, mama mdogo Grace, ambaye ni muuguzi na kwa miaka kadhaa sasa anafanya kazi kwenye utafiti wa maambukizi yanayowapata akina mama wakishajifungua na watoto wachanga. "Si unakwenda Ukerewe wiki hii?" mama akamuuliza. "Nenda na huyu. Yeye ataandika, mimi nitapumzisha masikio."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi gari la utafiti lilinikuta barabarani. Mama mdogo alikagua kucha zangu kabla sijakaa vizuri.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hiki kidole kina nini?"

"Wino."

"Wino wa lini?"

Nikajua nimeingia kwenye gari lenye sheria.

Tukipita Mkuyuni, ambako wauza mboga walikuwa wanamwagia mchicha maji, alinieleza kazi yao kwa lugha ya mtu anayejua atakatizwa. Mama anajifungua salama, wanarudi nyumbani, halafu siku ya tatu au ya nne mama anapata homa au mtoto anaacha kunyonya. Bakteria wameingia. Daktari anatoa dawa kwa kukisia, kwa sababu hawezi kumsubiri mdudu ajitambulishe. Shida ni kwamba wadudu wengine wameshazizoea hizo dawa, na huwezi kujua ni wepi mpaka uwaoteshe maabara. Kwa hiyo watafiti wa Mwanza, wa Malawi na wa Norwei walikubaliana kufanya kitu kilekile kwa namna ileile: chupa moja, fomu moja, maswali yaleyale, ili mtu wa kule akisema "hapa dawa hii imeshindwa" mtu wa huku aelewe bila kubahatisha.

"Norwei nako watoto wanaumwa?" nikauliza. "Si kuna baridi? Mdudu gani atatoka nje?"

"Kabula."

"Nauliza kisayansi."

"Mdudu aliyezoea dawa hapa, kesho yuko kwao. Hana pasi, hapangi foleni uwanja wa ndege. Ndiyo maana wanakuja kumtafuta na sisi."

Bandarini ndipo nilipokutana na mtu wa tatu wa safari yetu. Mama mdogo alikuwa amesema tutasafiri na "mtafiti mwenzetu kutoka nje," na mimi nje yangu ina theluji. Nilikuwa nimekariri sentensi tatu za Kiingereza na namna ya kutingisha kichwa. Nikawa natafuta mzungu katikati ya magunia. Pembeni yangu amesimama mama mmoja mweusi kama mimi, amevaa kitenge na raba, amepakata kasha dogo la plastiki. Mchuuzi mmoja wa nguo akampita, akamsalimia, "Mwangaluka!" Yule mama akajibu vizuri kabisa, "Mwangaluka!" Mchuuzi akafurahi, akashusha mzigo, akaanza kumweleza habari ndefu kwa Kisukuma. Yule mama alitabasamu mpaka tabasamu likaisha. Kumbe Kisukuma chake chote kilikuwa neno hilo moja.

"Huyu ndiye Dokta Chisomo," mama mdogo akasema. "Anatoka Malawi."

"Najua ulikuwa unatafuta mzungu," Dokta akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu, kila neno limenyooshwa. Amekaa Mwanza miaka miwili. "Mzungu wako ni mimi. Pole sana."

Sentensi zangu tatu nikazimeza. Mpaka leo sijapata mahali pa kuzitumia.

Saa tatu meli ilitoka. Mawe makubwa ya Mwanza yalianza kusogea nyuma, yale yaliyopandana kama mtu aliyapanga akaitwa kula kabla hajamaliza. Ziwa lilikuwa limetulia. Abiria walilala, wengine walikula mihogo ya kuchoma, kuku mmoja aliyefungwa miguu alinitazama safari nzima kama ananidai maelezo. Dokta Chisomo alifungua kasha lake akanionyesha chupa: ndogo, yenye kimiminika cha rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Hiki ni chakula," akasema. "Tunaweka damu kidogo ya mtoto humu. Kama kuna bakteria, wanakula, wanaongezeka, tunawaona."

"Yaani mnawapikia wadudu mchuzi?"

"Ndiyo. Mchuzi mzuri. Kwa hiyo ukiibeba chupa, fikiria umebeba mgeni hai. Jua kali hapana, baridi hapana. Joto kama la chumba. Tukimuua njiani, tutafika Mwanza na chupa iliyonyamaza, na tutadhani mtoto hana kitu."

Nilichora chupa kwenye daftari, nikaipa macho na kijiko. Chini yake nikaandika: hapana jua, hapana baridi. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Naomba mlikumbuke hilo mtakapofika mbele, kwa sababu mimi sikulikumbuka.

Saa sita na nusu tulishuka Nansio, bandari ya Ukerewe. Gari la kituo cha afya lilitusubiri, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya nyavu. Tukapita mashamba ya mihogo na michungwa, watoto wakitupungia na sisi tukiwapungia, hadi kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa ziwa. Kituo cha afya kiko juu kidogo, na chini yake ni mwalo, mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapopimwa na kutiwa barafu. Harufu ya dagaa waliotandazwa kwenye mchanga inakukaribisha kabla ya mwenyeji.

Mchana huo Dokta Chisomo aliwakusanya wahudumu wa wodi ya wazazi chini ya paa la nje. Nilidhani atatoa mhadhara. Akatoa rangi ya bluu, ile ya watoto ya kuchorea, na kitambaa cha kufunga macho.

"Nani ananawa mikono vizuri?"

Nikanyoosha mkono kabla ya wauguzi. Mnanijua.

Akanifunga macho, akamwaga rangi viganjani mwangu, akasema, "Nawa kana kwamba ni sabuni." Nikanawa kwa mbwembwe zote. Nikasugua, nikapuliza, nikajikung'uta kama daktari wa kwenye tamthilia. Nilisikia watu wanacheka nikajua nawachekesha. Kitambaa kilipotolewa nikatazama mikono yangu. Viganja vilikuwa bluu tupu. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa safi, havijaguswa na tone moja, na katikati ya vidole palibaki mistari kama ya punda milia.

"Sasa mzalishe mtu kwa hicho kidole gumba," mama mdogo akasema.

Nilipata faraja moja tu. Aliyefuata alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwenye miaka mingi kazini, na yeye pia vidole gumba vilibaki. Alivitazama kwa muda, akasema polepole, "Kumbe." Halafu akaomba rangi tena, akarudia mara tatu. Nilikuwa na utani juu yake ila nilipoona uso wake niliuacha.

Jumatano asubuhi, saa mbili, tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa nyumbani kwa muuguzi mkuu ambako tulilala, tuliposikia hodi. Alikuwa bibi mmoja mrefu, kanga mbili, na nyuma yake msichana amemkumbatia mtoto kama mtu aliyebeba maji yanayomwagika. Bibi aliitwa Tekla. Msichana ni mke wa mwanawe, Veneranda, alijifungua hapo kituoni siku nne nyuma. Sidhani kama ananizidi hata miaka minne.

"Tangu jana jioni hanyonyi," Bibi Tekla akasema. "Na anachemka."

Tulikwenda wodini wote. Mtoto alikuwa wa kiume, hajapewa jina. Mama mdogo alimgusa unyayo, akamfinya taratibu ili alie. Alifungua mdomo tu. Sauti haikuja.

Bibi Tekla alisimama ukutani, mikono ameifunga kifuani. "Wa kwanza tulimzika akiwa na siku sita," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa. Veneranda akatazama dirishani.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho. Tabibu wa kituo alisema dawa zianze mara moja, na mama mdogo akasema damu kwanza, dakika mbili tu, kwa sababu ukishatoa dawa damu ya baadaye inaweza isiseme kitu hata kama mdudu yumo. Akamweleza Veneranda kila kitu, polepole: tunachukua nini, kwa nini, inakwenda wapi, na kwamba akikataa mtoto atatibiwa vilevile. Veneranda akamtazama mama mkwe wake. Bibi Tekla akauliza, "Hiyo damu itakwenda mpaka Malawi?"

"Damu inabaki Mwanza, bibi," Dokta Chisomo akajibu. "Majibu ndiyo yanasafiri."

"Na majibu yakija yatamkuta?"

Dokta akamsogelea. "Tunaanza dawa sasa hivi, hatusubiri majibu. Majibu yatatuambia kama dawa hii ndiyo."

"Chukueni," Veneranda akasema. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake.

Mama mdogo akanawa mikono, na safari hii nilivitazama vidole gumba. Akafuta mkono wa mtoto kwa spiriti, akasubiri ukauke. Ule muda wa kusubiri ulikuwa mrefu kuliko safari ya meli. Damu iliyotoka ilikuwa chini ya robo ya kijiko cha chai, ikaingia kwenye ule mchuzi. Chupa moja, basi. Sindano ya dawa ikafuata papo hapo.

Mpango ukapangwa. Mama mdogo atabaki na mtoto na kuendelea na mafunzo. Dokta Chisomo na mimi tutarudi Mwanza na meli ya saa nane, na chupa. Ilitiwa kwenye kifuko cha kitambaa, kikawekwa mapajani mwangu.

Saa nne na nusu gari lilipata pancha kabla hata halijatoka kijijini, palepale juu ya mwalo. Dereva akashuka, Dokta akashuka kumsaidia kushikilia jeki. "Kabula, kaa kivulini na kifuko. Usikiache."

Nikakaa kivulini, kwenye banda la barafu la mwaloni. Hapo nikamkuta Makene, mdogo wake mume wa Veneranda, kijana wa mabega mapana anayepanga samaki kwenye maboksi meupe ya barafu. Mume mwenyewe alikuwa ziwani tangu juzi, hajui kitu. Makene alikuwa anatufungashia sato wawili, wakubwa, kwa ajili ya safari. Nikamwambia si lazima. Akanitazama kama nimemtukana. "Mgeni aondoke kwetu mikono mitupu? Mama ataniua."

Kulikuwa na akina mama wanaparua samaki, wakaniuliza jana kule juu tulikuwa tunacheka nini. Sasa, mimi mtu akiniuliza swali kama hilo siwezi kujibu nimekaa. Nikasimama nikaanza kuigiza: Dokta Chisomo na Kiswahili chake cha kunyoosha, mimi na rangi, muuguzi mkuu na ile "kumbe" yake. Kifuko kikawa kinanizuia mikono.

"Nishikie hiki, kaka. Ni cha damu ya mtoto wa kaka yako, usikiangushe."

Makene alikipokea kwa mikono miwili.

Aisee, niliigiza. Mama mmoja alicheka mpaka kisu kikamtoka. Nilirudia ya rangi mara mbili. Dereva alipopiga honi, Makene alikuwa ameshafunga boksi kwa gundi ya karatasi, akalipakia mwenyewe nyuma ya gari. "Kila kitu nimekiweka humo, salama," akasema. Nikamshukuru. Makofi yalikuwa bado yananilia masikioni.

Saa nane meli iliondoka Nansio. Dokta alikwenda kutafuta mahali pa kuchaji simu, mimi nikakaa na boksi kati ya miguu. Kama nusu saa hivi nikaona raba zangu zimelowa. Boksi lilikuwa linavuja kwenye kona. Nikayatazama yale maji, na ndipo sauti ya Makene ikarudi: kila kitu, humo, salama.

Nilibandua gundi kwa meno. Sato wawili, barafu, na katikati yao, imefungwa pamoja na kifuko chake kwenye mfuko wa nailoni kwa upendo wote, chupa ya mtoto wa Veneranda. Baridi kama soda.

Simlaumu Makene, na nyinyi msimlaumu. Yeye maisha yake yote kitu cha thamani kinachotoka mwaloni kwenda mjini kinawekwa kwenye barafu, kisipowekwa kinaoza. Kesho yake alimwambia mama mdogo, amechanganyikiwa kabisa: "Sasa dada, damu ya mtoto wetu ningeiacha iive juani?" Aliyeambiwa hapana baridi, akaandika, akachora na macho, ni mimi.

Niliitia chupa ndani ya sweta, nikaibana kwapani. Nikafikiri hivi: itapata joto kabla ya Mwanza. Nitaifuta. Nitaitia kwenye kifuko chake. Nani atajua? Samaki hawasemi. Nikafunga boksi, nikalipaka mate pale gundi ilipolegea. Mpango ulikuwa mzuri kabisa.

Dokta alirudi na machungwa mawili, akakaa, akaanza kumenya. Akaniona nimejikunja. "Unaumwa?"

"Hapana. Upepo."

Akanipa chungwa. Sikuweza kulipokea, mkono mmoja ulikuwa kazini.

"Dokta," nikasema, "hiyo chupa ikifika, mnajuaje kama hakuna mdudu?"

"Tunaiweka kwenye kabati la joto, tunaitazama kila siku. Baada ya siku mbili ikiwa bado kimya, tunampigia tabibu. Tunamwambia, hatujaona kitu. Mara nyingi yeye ataacha sindano na kumruhusu mtoto. Dawa zisizo na kazi nazo zina madhara yake, na ndizo zinazowafundisha wadudu ujanja."

"Na kama mdudu yumo ila amelala tu?"

Akaacha kumenya. "Kwa nini alale?"

Niliitoa chupa kwapani. Nikamwambia yote, mpaka ya mate kwenye gundi. Niliyasema haraka sana, kwa Kiswahili ambacho nina hakika nusu yake hakuisikia, halafu nikalia mbele ya abiria wote.

Hakupiga kelele. Aliipokea chupa, akaigusisha shavuni mwake kama mtu anayepima chupa ya maziwa. "Ilikaa kwenye barafu tangu saa ngapi?"

"Saa tano hivi. Mpaka saa nane na nusu."

"Masaa matatu na nusu." Akatoa fomu. Chini kabisa ina nafasi imeandikwa "Maelezo mengine," na akaniambia kwenye nchi zote tatu ile nafasi hurudi tupu, kila mtu anapiga mstari mmoja wa kukata. Akaniwekea kalamu mkononi. "Andika wewe. Ulikuwepo."

Nikaandika: Chupa iliwekwa kwenye barafu na samaki kwa bahati mbaya, kuanzia saa tano mpaka saa nane na nusu. Aliyekuwa nayo ni Kabula. Dokta akaisoma, akachukua kalamu, akaongeza: Aliyempa Kabula chupa ni Chisomo, na hakupaswa.

"Mama mdogo ataniua," nikasema.

"Atatuua wote wawili. Kula chungwa."

Akapiga picha ile fomu akaituma kwenye kundi lao la simu. Mtandao ulikuja na kuondoka katikati ya ziwa. Wa kwanza kujibu alikuwa mtafiti wa Norwei, anaitwa Ingrid, na Dokta alinitafsiria: alipokuwa mwanafunzi alisahau chupa kumi ndani ya gari usiku wa baridi zikaganda zote, na hakumwambia mtu kwa wiki nzima. Mwishoni aliuliza, "Na samaki wamefika salama?" Mama mdogo alijibu neno moja. "KABULA." Kwa herufi kubwa zote, na nukta.

Saa kumi na moja na nusu tulishuka Mwanza, tukaenda moja kwa moja maabara. Kijana wa zamu alisoma maelezo, akanitazama, akasoma tena, akabandika karatasi nyekundu kwenye chupa: isitangazwe kimya kabla ya siku tano. Akaiweka kwenye kabati la joto pamoja na nyingine. Nilirudi Buhongwa na sato wawili. Mama aliwapika na nyanya. Alisema nimekuwa mtulivu, akanipima homa.

Alhamisi hakuna kitu. Mama mdogo alisema mtoto amenyonya kidogo.

Ijumaa jioni siku mbili zilitimia. Chupa kimya, mchuzi wake safi kama nilivyouona kwenye meli. Kule kisiwani mtoto alikuwa amepoa kiasi, Bibi Tekla alishafunga kanga zake, na Veneranda alikuwa amechoka kuona mwanawe anachomwa. Tabibu alipiga simu maabara: niwaruhusu? Kijana akasoma ile karatasi nyekundu. Akamwambia hapana, hii chupa ilipigwa na baridi, kimya chake bado hakiaminiki, mwacheni wodini. Mama mdogo anasema Bibi Tekla alikasirika kweli. Alitaka kujua ni nani huyo aliyeko Mwanza anayemkatalia mjukuu wake asiende nyumbani. Hawakumtajia.

Jumamosi asubuhi mchuzi ulichafuka. Kijana wa maabara alinipigia mwenyewe. "Mgeni wako ameamka," akasema.

Jumapili joto la mtoto lilipanda tena, lakini alikuwa kitandani wodini, hakuwa nyumbani, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka kituoni. Kwa kuwa mdudu alishaonekana, Dokta Chisomo na wenzake wa nchi nyingine mbili walishauriana kwenye simu wakimlinganisha na wale waliowahi kuwaona kwao. Jumatatu vipimo vikathibitisha: moja ya dawa alizokuwa anapewa haikuwa inamfanya kitu mdudu huyu. Ikabadilishwa siku hiyohiyo, iliyofaa ilikuwepo hospitali ya Nansio, ikaletwa kwa pikipiki.

Wiki iliyofuata watafiti walikutana kwa video kama kawaida yao. Sikualikwa, bahati yangu. Dokta aliniambia wameongeza swali kwenye fomu ya nchi zote, lenye visanduku viwili vya kuweka alama: chupa iliwekwa kwenye baridi, ndiyo au hapana. Na kwenye mafunzo ya kituo kile sasa wanawaita pia vijana wa mwaloni, kwa kuwa chupa zote hupita hapo.

Mwalimu, hii ndiyo sayansi niliyoiona. Nilikwenda nikidhani nitaona darubini na watu wenye makoti meupe wanaosema maneno marefu. Makoti nimeyaona. Ila kazi kubwa niliyoiona ni watu waliokaa mbali sana, wasiojuana hata kwa lugha, wanaoaminiana kwa karatasi. Aliyeko Norwei hana njia ya kujua kilichotokea kwenye banda la barafu la Ukerewe isipokuwa mtu wa Ukerewe aandike. Akiandika uongo mdogo, uongo huo unasafiri kuliko hata mdudu.

Jumatano ya wiki hiyo mama mdogo alipiga simu. Mtoto ameruhusiwa. Sasa analia mpaka wodi ya jirani wanalalamika, na ananyonya kama amelipwa. Nilicheka, halafu nikamuuliza kitu kilichokuwa kimenikaa tangu siku ile ya meli.

"Mama mdogo, kama nisingesema. Ungekuja kujua?"



"Nisingejua," akasema. "Tungewaruhusu Ijumaa. Lingetokea la kutokea, tungesema ni bahati mbaya, chupa ilikuwa safi. Hata wewe usingejua, Kabula. Ungeendelea kucheka."

Kisha akaniambia nimpe mama simu.